Ujazo wa Hospitali Yetu

Sogeeni ndani jamani, msinisimamie mlangoni kama maaskari. Aliyepata kiti akae, aliyekosa kiti mkeka upo, na wewe mwenye miguu mirefu ikunje, kuna wenzio wanakuja. Nchi ninayotaka kuwahadithia si hii. Wala haiko jirani na hii. Atakayeiona inafanana na mahali anapopajua, basi macho yake yana kasoro, akapimwe. Mie nimeishi huko miaka mingi, na nawaambia ni nchi nzuri, nzuri mno, hasa ukiitazama kwa mbele.

Nasema kwa mbele kwa sababu huko nyuma hakutazamwi. Ndiyo mila yao. Mgeni akija unamtazama usoni, akiondoka unageukia ukutani mpaka nyayo zake zisisikike tena, maana kumtazama mtu kisogo ni kumvunjia heshima. Nyumba zinapakwa rangi upande wa barabarani tu. Bibi harusi anapambwa mbele, nyuma gauni limeshikizwa kwa pini. Hata serikali, ambayo na yenyewe ni mtoto aliyelelewa na mila hiyohiyo, ilijenga kwa adabu: ilijenga mbele. Tulikuwa na shule za mbele, maghala ya mbele, na hospitali ya wilaya ya mbele. Hiyo hospitali, mashallah! Nguzo nne nyeupe, saa kubwa juu, mlango wa kioo unaojifungua wenyewe ukiusogelea. Kiongozi Mtukufu alipokata utepe wake, watu walilia.

Sasa ukiugua, unakwenda. Mlango unajifungua. Unapita, na upande wa pili unalikuta jua, majani, mbuzi wawili watatu, na karani amekaa chini ya mwavuli. "Pole sana," anakwambia. "Umeshahudumiwa." Unatia dole gumba kwamba umepona, kisha unaonyeshwa njia ya uchochoroni inayokurudisha sokoni. Hakuna aliyelalamika. Umeshatia dole kwamba umepona, sasa wewe mgonjwa utaijua hali yako kuliko serikali? Na waliokufa walifia majumbani mwao, kwa hiyo hospitali yetu haikupoteza mgonjwa hata mmoja. Ilipewa kikombe na mashirika ya nje.

Mtaniuliza, nyie watu wazima hamkujua? Jamani. Kujua ni kitu kimoja, kuambizana ni kitu kingine. Mtaani kwetu tuliambizana kila kitu: nani kamwacha nani, nani anatia maji kwenye mchuzi wa biashara, nani kapaka hina kuficha mvi. Ila hilo, hapana. Hilo lilikuwa nyuma.

* * *

Basi shule nazo zikiwa mbele tu, Wizara ikaona watoto wasome hesabu kwa mtandao. Mtandao wenyewe mtaani kwetu ulikuwa unashika mahali pamoja, dirishani kwangu, pale kwenye pazia la maua. Ndivyo sebule yangu ilivyogeuka darasa. Sikulalamika! Mie nyumba tupu hainiletei usingizi. Asubuhi watoto wamejaa mpaka kwenye ndoo zilizogeuzwa, mama zao wamejaa barazani, mie nakaanga vitumbua, na Mbega kinyozi kahamishia kiti chake cha kunyolea chini ya dirisha langu ili asipitwe na maneno.

Walipewa vishikwambi, na ndani yake programu kutoka ng'ambo. Wenye akili zao walikuwa wamegundua kwamba watoto wetu hawashindwi kuzidisha wala kugawanya. Wanachoshindwa ni kuliona umbo kichwani: ukimchorea boksi ubaoni, anaona mistari. Programu ilikuja kutibu hilo. Mtoto anaweka kidole kwenye mchemraba, anauzungusha, anauona kisogo. Anaukunjua ukalala kama gazeti, anaukunja tena. Anaukata katikati kwa kidole kama mkate, anachungulia ndani.

Mwezi wa kwanza watoto walikuwa kama wamelishwa pilipili. Wawili ndio waliotia fora: Shebe, mtoto wa Mbega kinyozi, na Sikudhani, mtoto wa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Sikudhani alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, msemaji wa maneno machache, na akikitazama kitu unaona kabisa kwamba anakizungusha.

"Bibi," aliniambia siku moja, "chungu chako kimebonyea kwa nyuma."

"Umekiona lini nyuma, na kiko jikoni?"

"Sijakiona. Kivuli chake kimekosea."

Nikakigeuza. Kimebonyea. Nikamwambia mama yake, "Shoga, mtoto huyu mfiche." Tukacheka sana. Wakati ule ilikuwa bado ni mzaha.

* * *

Waziri wa Elimu, Takwimu na Mtazamo alikuwa Mheshimiwa Dakta Mwinyikondo, mtu mwenye tumbo la mbele na sauti ya kipaza sauti hata asipokishika. Alikuja kuizindua programu rasmi. Akaonyeshwa mchemraba. Akautazama kama mtu anayemtazama mkwe asiyempenda.

"Huu mchemraba," alisema, "umezaliwa wapi? Nani anaujua kwao? Mtoto wetu ataendelea kuzungusha maboksi ya watu mpaka lini, wakati taifa lake lina majengo yanayotazamika? Naagiza! Kuanzia sasa watoto wazungushe maendeleo! Majengo yote ya taifa yaingizwe humo, yapigwe picha kila upande!"

Makofi. "Kila upande" ilikuwa ndiyo pambo la hotuba zake zote. Tumesonga mbele kila upande, adui yetu tumembana kila upande. Hakuna aliyewahi kuyachukulia maneno hayo kuwa na maana. Bahati mbaya, vijana wa droni wa Wizara walikuwa wapya kazini, wamesoma nje, na hawakujua kwamba agizo lina mbele yake na nyuma yake. Wakaenda wakapiga picha kila upande.

Na droni, jamani, haikulelewa. Haina mama. Ilikwenda nyuma bila hata kubisha hodi.

* * *

Jumatatu swali likatokea kwenye vioo vya vishikwambi nchi nzima: *Tafuta ujazo wa ndani wa Hospitali ya Wilaya.* Na hospitali yenyewe ile pale, nguzo nne, saa juu, inazunguka taratibu chini ya kidole.

Nikaacha kitumbua kwenye mafuta kikaungua.

"Imekatika," Shebe akasema. "Programu yangu imekatika, haina nyuma."

"Haijakatika," akasema Sikudhani. "Igeuze tena. Ule ni mwavuli, na yule ni karani."

"Ukuta una unene wa tofali moja lakini. Tuzidishe hilo."

"Wameuliza ndani. Ndani pako wapi hapo?"

Shebe akazungusha, akakata kwa kidole, akachungulia. "Hakuna."

"Basi andika hivyo."

Nje, Mbega alikuwa kamshika mteja sikio, wembe umesimama hewani. Mteja naye hakuulizia wembe wala sikio. Barazani mama zao kila mmoja ghafla akaona kitu cha kutazama juu ya paa.

Mwalimu wao wa kwenye kioo, mzee mmoja wa tai nyekundu aliyefundisha toka mji mkuu, aliuliza, "Haya wanangu, nani ana jibu?" Majibu yakaanza kupanda pembeni ya uso wake kutoka kila wilaya: sifuri, sifuri, sifuri, kama mtu anapanga mayai. Akavua miwani. Akaifuta kwa tai. Akasema, "Hesabu... hesabu mmeifanya sawasawa." Hapo picha ikaganda, mdomo wake wazi. Ikabaki hivyo siku nzima. Watoto walikula chakula cha mchana wakitazamana na mdomo ule.

Kesho yake alikuja mwalimu mwingine, mchanga, meno meupe. "Wanafunzi wapendwa," akasema, "jibu sahihi limeshatangazwa na Wizara. Kazi yenu si kulitafuta. Kazi yenu ni kulifikia."

* * *

Hapo ndipo nyota zilipoanza. Kila aliyejua kuzungusha maumbo vizuri aliongezewa nyota kwenye kishikwambi chake, na mwenye nyota nyingi alitangaziwa kwamba ameshinda safari ya tuzo. Shebe akawa wa kwanza wilayani. Mbega alinyoa watu bure siku hiyo, na wengine waliokuwa hawana nywele wakaja vilevile kupapaswa tu, kwa furaha.

Gari la tuzo lilikuwa jeupe, halina kioo cha nyuma. Shebe akapanda na shati lake la Idi. Tukapiga vigelegele, na gari lilipoondoka tukageukia ukutani kama mila inavyotaka.

Alirudi baada ya wiki chache, medali kifuani, kanawiri, kanenepa kidogo. Alishuka garini akaingia nyumbani kwao mimi nikimtazama. Baba yake alikuwa kasimama katikati ya chumba, mikono kaipanua. Shebe akampita. Akaenda moja kwa moja mpaka ukutani, kwenye picha ya baba yake ya ujanani, akapiga magoti. "Shikamoo baba," akaiambia picha.

Sisi wa mlangoni tulicheka. Naapa tulicheka, tukidhani ni mbwembwe za wasomi. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kikombe kilichochorwa kwenye kalenda, akakikwaruza karatasini mpaka ukucha ukachanika, na hakuna aliyecheka tena.

Mbega akamletea kiberiti. "Mwanangu, hiki kina pande ngapi?"

"Moja," Shebe akajibu, akitabasamu vizuri tu. "Huu unaonitazama."

Tangu siku hiyo ukimwita kwa nyuma hageuki. Anasimama, anasubiri uzunguke uje mbele yake. Jioni wapitao walimkuta kasimama barabarani hivyohivyo, mtu kamwita kwa utani akaenda zake, na yeye bado anasubiri.

Wizara ilisema programu imefaulu.

* * *

Wa pili wilayani alikuwa Sikudhani.

Mama yake alikuja kwangu bila kanga ya kichwani. Alimkalisha mtoto kwenye kigoda, akamshika mashavu.

"Kosea, mwanangu."

"Nikosee vipi, mama?"

"Kosea tu! Kosea kama baba yako alivyokuwa akikosea, bila kujitahidi."

"Mama, lakini naona."

"Usione. Wakikuuliza mchemraba, waambie duara. Wakikuuliza mbele, sema juu. Nataka unitambue, Sikudhani. Nataka ukiingia mlangoni uniamkie mimi, si kalenda."

Mtoto akakosea. Alikosea kwa bidii ambayo sijapata kuiona. Kila swali, kila siku, kosa. Nyota zake zikapukutika moja moja, na kila ikidondoka mama yake ananiminya mkono. Siku iliyodondoka ya mwisho nilikaanga vitumbua vya sadaka, nikagawa mtaa mzima.

Bado mafuta hayajapoa, mlangoni nikasikia, "Hodi wenyewe. Shikamoo Bi Mwatime."

"Marahaba mwanangu, karibu, chai ipo."

Alikuwa Afisa wa Wizara, mwanamke mzuri, ushungi umefungwa vizuri, ananukia asumini. Akakaa. Akanywa chai yangu, akasifu iliki. Halafu akamtazama Sikudhani kama shangazi anavyomtazama mwali.

"Hongera," akamwambia.

Mama yake akadakia, "Hongera ya nini, mwanangu Afisa? Mtoto huyu mbumbumbu. Hajapata hata moja."

"Ndiyo maana nimekuja, dada yangu. Asiyejua hubahatisha, na anayebahatisha mara mojamoja hupatia. Hata mbuzi wa nyuma ya..." Akakohoa. "Hata mbuzi wa popote pale angepatia mawili matatu. Huyu hajapatia hata moja. Ili uyakwepe majibu yote, lazima uyajue yote yalipokaa. Nchi nzima hatujapata kichwa kama hiki."

Afisa alimalizia chai yake taratibu.

"Msiogope. Wizara ina huruma. Gari litakuja siku ya uzinduzi wa Kituo Kikuu cha Mtazamo Sahihi, hapohapo uwanjani kwenu. Sikudhani ataitwa jukwaani, ataulizwa ujazo wa Kituo. Jibu litatangazwa redioni kila asubuhi, kwa hiyo hana haja ya kuhesabu. Jibu lake likilingana na la serikali, atalala kwa mama yake. Likiwa lile jingine, lile la mayai, gari litakuwa limeshawashwa." Akasimama, akajifuta midomo. "Iliki hii mnaitoa wapi, Bi Mwatime? Tamu kweli."

Alipotoka tukageukia ukutani wote. Mama Sikudhani alibaki ameugeukia muda mrefu.

* * *

Uwanja ulikuwa umezungushiwa mabati. Malori ya saruji yaliingia kutwa, yanatoka matupu, yanaingia tena. Mafundi wetu hawakuajiriwa. Waliletwa mafundi wageni wasiosema lugha yetu, kwa sababu, walituambia, mafundi wetu hawana uzoefu wa kona.

"Saruji yote hii," Mbega alisema, akimnyoa mwanawe ambaye siku hizi ilibidi amnyoe kwa kumzunguka, "ya ukuta mmoja?"

"Labda ukuta mnene," nikasema.

Redio ikawa inasema kila asubuhi: mita za ujazo elfu tisini na sita. Mama Sikudhani alimwamsha mtoto kwa hiyo, akamlisha kwa hiyo. "Sema." "Elfu tisini na sita." "Tena." "Elfu tisini na sita, mama." Mtaa mzima ukaijua. Wauza nyanya wakiitikia salamu: "Hamjambo?" "Elfu tisini na sita!" Tulikuwa tunacheka kwa nguvu sana wiki ile.

Siku ikafika. Mabati yameondolewa, jengo limefunikwa kitambaa cha rangi za taifa, ngoma zinapigwa, na watu wamejaa, wamejaa kwa namna ninayoipenda mie, bega kwa bega, hakuna pa kutema mate. Gari jeupe limeegeshwa pembeni, linanguruma polepole. Sikudhani akapandishwa jukwaani na kishikwambi mkononi. Shati limempwaya. Mama yake kanishika mkono, midomo yake inatembea: elfu tisini na sita, elfu tisini na sita.

Waziri akashika kipaza sauti. "Binti! Kuna watu wenye vijicho nje na ndani ya nchi wanaosema majengo yetu hayana kitu ndani. Leo tunakupa Kituo hiki, ramani yake yote imo humo, ukizungushe mbele ya umma. Kila upande! Tuambie ujazo wake."

Sikudhani akaweka kidole. Hakuwa na haja ya kukiweka, jibu alikuwa nalo, lakini mtoto wa kuzungusha hazuiliki. Akageuza mara moja. Akasimama. Akageuza tena, polepole zaidi. Kisha akalikata jengo kwa kidole, akachungulia, na nikamwona anachungulia kwa muda mrefu, anahama kutoka pembe moja mpaka nyingine. Gari likaongeza moto. Mama yake aliacha kupumua, nilimsikia alivyoacha.

"Tunasubiri," Waziri akasema.

"Elfu tisini na sita," Sikudhani akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ila kipaza sauti kiliichukua ikatufikia wote. "Nimepima. Ni kweli."

Waziri aliruka. Tumbo lilitangulia, mwenyewe akafuata. "Mmemsikia! Kapima! Amepona huyu! Amepona pale alipo!" Akambusu utosini, Afisa akapangusa machozi, gari likazimwa, na watu tukashangilia mpaka mabega yakauma. Utepe ukakatwa, kitambaa kikaanguka. Nguzo nne nyeupe, saa kubwa juu, mlango wa kioo.

Mtoto akateremka, akapenya kwenye umati mpaka kwetu. Mama yake alimkumbatia kama anataka kumrudisha tumboni. Mie nikamfinya shavu.

"Umewadanganya vizuri, mwanangu! Jicho kavu kabisa!"

"Sijadanganya, Bibi."

"Ati?"

"Nilikuja nimejiandaa kudanganya. Nimeligeuza likageuka. Lina nyuma. Lina kuta za ubavuni, nene, na dari ya zege. Ndani mna vyumba. Vyumba vina milango, na milango haina vitasa kwa ndani."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, lakini mtaani kwetu neno halijawahi kukaa mahali. Jirani wa kulia akalisikia, akamwambia wa mbele yake, naye akamwambia shemeji yake. Makofi yakaanza kufa pale tulipo sisi, yakaendelea kufa kuelekea jukwaani. Neno lilipowafikia wapiga ngoma, ngoma ikakata katikati ya pigo. Waziri akaendelea kupiga makofi peke yake, anatabasamu, anatungoja.

Mbega kinyozi akainama mpaka usawa wa uso wa mtoto. Shebe alikuwa kasimama mbele yake, anautazama mlango wa kioo kwa mapenzi.

"Wewe unayejua maumbo," Mbega akasema. "Hebu niambie, mwanangu. Sisi hapa, mtaa mzima, humo ndani..." Hakumaliza.

Sikudhani alitutazama. Alianza na safu ya mbele, akaenda ya pili, ya tatu, wazee, wenye watoto migongoni, wauza nyanya, mpaka waliopanda juu ya ukuta wa soko, taratibu, kama mtu anayepanga vitu kwenye boksi bila kuacha upenyo.

"Tunaenea," akasema.